Ripoti ya baba mdogo inasema mashine ilikosea kwa milimita 1.7. Ilikosea kutoka wapi?

#1 Mtoto wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, ugonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wengine habari za jioni.

Nina baba mdogo, seremala wa hapa Uyole, miaka 61. Mwaka jana mwishoni alianza kulalamika kwamba chini ya mbavu za kulia kunavuta. Ultrasaundi, vipimo vya damu, siti skani, mwisho akaambiwa ni saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, na nyuma yake kuna homa ya ini B aliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Uvimbe ni mmoja, kipenyo milimita 38, uko juu kabisa ya ini, chini tu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Ini limeshaanza kukakamaa, kwa hiyo wa upasuaji wakasita. Ukoo ukakaa vikao, ng'ombe wakauzwa, akapelekwa India kwa mionzi ile ya siku chache: Gy 40 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao vitano, mashine ya CyberKnife, ile yenye mkono wa roboti.

Amerudi. Anakula, anagombana na vijana wake wa karakana kama zamani. Kilichonileta hapa ni karatasi.

Alirudi na bahasha yenye sidii na ripoti ya kurasa nne. Ukurasa wa tatu una jedwali la vikao, na safu moja ni ya hitilafu ya kufuatilia pumzi. Kikao cha kwanza mm 1.6, cha pili 2.9, cha tatu 1.4, cha nne 1.3, cha tano 1.3. Wastani 1.7. Chini yake kuna grafu, na ile ya kikao cha pili inaruka mpaka 4.6, kisha pameandikwa kwamba modeli ilijengwa upya.

Baba mdogo aliisoma mwenyewe kwa miwani yake ya kazini akasema: "Milimita 1.7 kwenye mlango ni mlango usiofungika. Hawa jamaa walinikosa?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Kule aliambiwa tu kwamba kila kitu kiko ndani ya viwango.

Mimi ni fundi umeme wa magari, milimita siziogopi. Ila nataka kujua hiyo 1.7 ni umbali kati ya nini na nini. Na kile kikao cha pili kilikuwa na nini?

#2 Kiti cha Mbele

Pole kwa kuuguliwa mkuu. Naweka kiti hapa, tusubiri wataalamu waamke.

#3 Bonde la Usangu

Samahani mleta mada, mimi nimekwama mapema. Ini linatembea? Nilijua kinachohangaika humo ndani ni moyo na mapafu tu.

#4 Mpima Mionzi

Mtoto wa Uyole, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni wa Tukuyu kwa kuzaliwa, kazi yangu ni fizikia tiba, yaani wale wanaokaa nyuma ya daktari wa mionzi kuhakikisha dozi iliyoandikwa ndiyo inayofika mwilini. Mashine ya namna hiyo nimeifanyia kazi. Nitajibu vipande vipande maana nipo zamu.

Bonde la Usangu, lala chali, weka kiganja chini ya mbavu za kulia, vuta pumzi. Kiwambo kinashuka kama pistoni, na ini limeshikamana nacho kwa chini, kwa hiyo linashuka nalo. Mtu akipumua kawaida, ini linasafiri sentimita moja hadi mbili, zaidi kwa mstari wa kichwani kwenda miguuni. Akivuta pumzi kubwa linakwenda mbali kuliko hapo. Kwa siku nzima hiyo ni safari ya maelfu ya mara na hakuna anayeisikia.

Kwa mtu wa mionzi ni shida kubwa. Mwongozo wa AAPM, chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, uliotoka 2006, unasema kiungo kikisogea zaidi ya milimita 5 kwa sababu ya pumzi, basi mwendo huo ushughulikiwe, usijifanye huuoni.

Mleta mada, ukurasa wa pili lazima uwe na namba za mwendo wa uvimbe na mpaka wa usalama, yaani nafasi ya ziada inayoachwa kuuzunguka uvimbe. Ziweke hapa.

#5 Mtoto wa Uyole

Nimeziona. Juu-chini mm 17. Mbele-nyuma mm 6. Pembeni mm 2. Mpaka mm 5 kila upande. Na imeandikwa mbegu za dhahabu tatu.

#6 Dawa za Mababu Original

Ndugu usihangaike na mashine za watu. Nina mzizi unasafisha ini siku 21, njoo faragha

#7 Nesi wa Kihesa

#6 tafadhali tupishe. Nimeshapokea wodini watu waliokunywa "kusafisha ini" wakaja macho ya njano tii, na ini lilikuwa zima kabla ya hapo. Uzi huu uache.

#8 Mpima Mionzi

Asante dada nesi.

Haya, tufanye hesabu ya fundi. Uvimbe wa mm 38 tuuchukulie kama mpira: ujazo wake ni kama mililita 29. Ukiuzungushia mpaka wa mm 5 unapata mpira wenye mililita 58. Ona hapo, milimita tano tu na ujazo umekuwa mara mbili, na nusu ya hicho unachopiga sasa ni ini lisilo na kosa.

Bila kuufuata uvimbe, ungelazimika kuchoma njia yake yote ya mm 17, juu mpaka chini. Mpira unakuwa kama soseji: mililita 89. Tofauti ya 89 na 58 ni mililita 31 za ini la mtu ambaye ini lake limeshaanza kukakamaa. Kwa mtu mzima wa afya unaweza kusema si kitu. Kwa baba mdogo ni kitu, kwa sababu ini likipigwa mionzi kupita kiasi linaweza kushindwa kazi wiki au miezi baadaye, na hapo umeua uvimbe ukamuua na mwenye uvimbe. Kwenye tiba ya vikao vitatu kuna kanuni inayotumika sana: angalau mililita 700 za ini lisilo na uvimbe zibaki chini ya Gy 15. Kila mililita inahesabiwa.

Na kwa nini tusipunguze mpaka uwe mm 3? Tungepata mililita 45 badala ya 58. Inavutia! Lakini mpaka unaupunguza pale tu unapojua hitilafu yako vizuri. Ndiyo maana swali la baba mdogo ni swali zuri kuliko lile jibu la "ndani ya viwango" alilopewa. Mgonjwa akiuliza 1.7 ni nini, aambiwe.

#9 Bonde la Usangu

Sasa si wamwambie ashike pumzi tu? Ini lisimame, wapige, wamalize.

#10 Mpima Mionzi

Wapo wanaofanya hivyo, na ni njia nzuri. Siri yake ni kushika pumzi ukiwa umeshaitoa, maana ini hurudi karibu na pale pale kila ukimaliza kutoa pumzi, kuliko ukiwa umeivuta. Lakini jaribu sasa hivi: toa pumzi, ushike, hesabu mpaka 20. Halafu fikiria kurudia hivyo mara nyingi, una miaka 61, una maumivu ubavuni. Njia nyingine ni mkanda wa kubana tumbo ili kiwambo kisicheze sana, au kuwasha mionzi pale tu pumzi ikiwa chini na kuizima ikipanda.

Hizi zote zinawezekana kwa linak ya kawaida, yaani mashine ya mionzi isiyo na roboti, yenye picha nzuri, na siti skani inayogawa pumzi moja kwenye awamu kama kumi ili uone uvimbe uko wapi kila awamu. Hakuna haja ya roboti. Nasema hili kwa sababu kuna watu watausoma uzi huu wakadhani bila roboti ya India hakuna tiba.

#11 Kitonga Mteremko

Mkuu #10, watu wa Mbeya mapafu yao ni ya mlimani, sekunde 20 kwetu ni mchezo 😂 Lakini swali la kweli: hiyo mashine inaufuataje uvimbe? Inauona?

#12 Mpima Mionzi

Haiuoni. Hapa ndipo mahali ninapotaka wote mtulie.

Eksirei inaona tofauti ya uzito wa vitu. Uvimbe wa pafu mara nyingi unaonekana kwa sababu umezungukwa na hewa. Uvimbe wa ini umezungukwa na ini, na kwenye eksirei vyote viwili ni kijivu kile kile. Ni sawa na kutafuta tonge la sembe lililodondokea kwenye gunia la sembe. Kwa hiyo daktari anaingiza kwa sindano vipande vidogo vya dhahabu, vyembamba kama ncha ya njiti, milimita chache urefu, karibu na uvimbe. Wanasubiri kama wiki moja vitulie, kwa sababu mara nyingine kipande huhama. Kisha ndipo siti skani ya mpango inapigwa. Dhahabu inaonekana kwenye eksirei kama mwezi.

Sasa ungeweza kupiga eksirei muda wote na kuangalia dhahabu ikipanda na kushuka, ila kikao kinaweza kufika saa nzima, na eksirei nayo ni mionzi. Njia ya CyberKnife ni ya mzunguko. Mgonjwa anavalishwa fulana yenye taa ndogo tatu, kamera kwenye dari inazitazama bila kupumzika. Kila baada ya muda, tuseme nusu dakika au dakika, eksirei mbili za pembeni zinapigwa kwa pamoja na dhahabu inaonekana ilipo. Kompyuta inajifunza: taa ikiwa hapa, dhahabu huwa pale. Inakusanya jozi hizo, mpaka 15, ya zamani inatoka mpya inaingia. Ndiyo hiyo "modeli" uliyoisoma kwenye ripoti. Kuanzia hapo roboti inafuata dhahabu kwa kutazama taa za kifuani.

Na roboti haiwezi kungoja ione ndipo iende. Kutoka kamera kuona mpaka mkono wa roboti kufika kunapita kama moja ya kumi ya sekunde. Waliocheza na manati Kyela wanajua, embe linaloyumba na upepo hulilengi lilipo, unalenga litakapokuwa jiwe likifika. Uvimbe wa mm 17 kwa pumzi ya sekunde nne, pale kwenye mwendo wake mkali, unakimbia kama mm 13 kwa sekunde. Kuchelewa moja ya kumi ni mm 1.3 au 1.5 ya kukosa. Kwa hiyo kompyuta inabashiri. Pumzi ikiwa ya mpangilio, ubashiri unafaulu. Mtu akikohoa, embe limebadilisha upepo na jiwe liko njiani.

#13 Mtoto wa Uyole

Kwa hiyo 1.7...

#14 Mpima Mionzi

Ndiyo nafika. Kila eksirei mpya inapopigwa, modeli imeshasema "dhahabu iko hapa". Picha inatoka, dhahabu inaonekana "iko pale". Umbali kati ya hapa na pale ndio unaoandikwa. Wastani wake kwa vikao vitano ndiyo 1.7 yako.

Kwa hiyo ni umbali kati ya dhahabu iliyobashiriwa na dhahabu iliyoonekana. Uvimbe haumo kwenye namba hiyo hata kidogo.

Sisemi hivyo kuwatisha. Ni kipimo cha haki, kwa sababu modeli inatahiniwa kwa picha ambayo haijawahi kuiona. Lakini kinapima wakati wa picha tu, kati ya picha na picha tunaiamini. Na kinapima dhahabu. Swali linalobaki ni je, dhahabu ikienda mm 17, uvimbe nao unakwenda mm 17 kwa njia ile ile? Ini si tofali. Ni laini, linajipinda, linazunguka kidogo kila pumzi. Njia ya kuvuta pumzi huenda isiwe ile ya kutoa. Mara nyingine inachora kitanzi badala ya mstari, na modeli nzuri inaweka mistari miwili kwa ajili hiyo.

Nipe umbali wa mbegu kutoka kwenye uvimbe. Hiyo haitakuwa kwenye ripoti, iko kwenye sidii.

#15 Mama wa Parachichi

Nimesoma mpaka hapa na chai imepoa. Gharama jamani ilikuwaje?

#16 Mtoto wa Uyole

Mama, ya familia tumekubaliana tusiiweke mtandaoni. Ng'ombe hawakutosha, hilo naweza kusema.

Mpima Mionzi, nitaenda Mwanjelwa kesho kwa jamaa yangu anayesoma picha za siti skani, ana kompyuta inayofungua hizo sidii.

#17 Nesi wa Kihesa

Wakati tunamsubiri: homa ya ini B ina kipimo cha damu cha muda mfupi na ina chanjo. Watoto wetu wanapata kwenye chanjo zao za utotoni, wakubwa wengi hatujachanjwa. Kama baba au mama wa nyumba amekutwa nayo, pimeni nyumba nzima. Na mahindi yenye ukungu msisage mkala, wala karanga zilizovunda, sumukuvu inashirikiana na hiyo homa kuliharibu ini. Nimemaliza, rudini kwenye fizikia yenu.

#18 Mtoto wa Uyole

Nimerudi. Bajaji mbili na mvua ya Mbeya mnaijua.

Jamaa amepima kutoka katikati ya uvimbe. Mbegu ya kwanza mm 25, ya pili mm 31, ya tatu mm 61. Hii ya tatu iko chini kabisa, anasema ni kama ilikwenda mtaa mwingine.

Pia nimepiga picha ile grafu ya pumzi ya kikao cha pili, nimeichora upya hapa kwa maneno maana picha imegoma kupanda. Dakika za mwanzo ni mawimbi mazuri, yanalingana, kama ziwa Nyasa pale Matema asubuhi. Kama dakika ya 12 yanabadilika. Yanakuwa machache, yanapanda ghafla na kushuka taratibu, taratibu sana, halafu ghafla tena juu. Yakiwa mengi pamoja yanaonekana kama meno ya msumeno. Hitilafu inapanda hapo hapo mpaka 4.6. Kisha kuna pengo la kama dakika saba, halafu mawimbi mazuri yanarudi.

#19 Mpima Mionzi

Umefanya kazi kuliko wanafunzi wangu wa mafunzo.

Mbegu kwanza. Mbegu tatu zinatakiwa ili kompyuta ijue pia kama ini limezunguka, mbili hazitoshi. Ile ya mm 61 si nzuri sana, nawaambia kwa nini. Chukua ini limezunguka nyuzi 3, jambo la kawaida. Kitu kilicho mm 25 kutoka kwenye mbegu kitahama mm 1.3. Kilicho mm 61 kitahama mm 3.2. Roboti hii inafuata kitovu cha mbegu kwa pande tatu, lakini mzunguko haiukimbizi pumzi kwa pumzi. Kwa hiyo mbegu zikiwa mbali unaweza kufuata dhahabu kwa usahihi wa ajabu huku uvimbe ukicheza pembeni yake, na ripoti ikaonyesha 1.3 safi kabisa. Ukiniuliza mimi nichague, nitachukua hitilafu ya 2 yenye mbegu za karibu kuliko hitilafu ya 1 yenye mbegu za mbali. Mbegu zake mbili ziko mahali pazuri, kwa hiyo tuchukue mm 1.3 kwa kuzunguka.

Kuna kipimo cha tatu ambacho mgonjwa haoni. Kabla ya wagonjwa, sisi tunaweka mdoli wa plastiki wenye filamu ndani, juu ya meza inayopanda na kushuka kama pumzi, tunaupiga mpango mzima kama mtu, halafu tunaangalia doa limeangukia wapi kwenye filamu. Mwongozo wa AAPM wa 2011 kwa roboti hii unataka doa lisikosee zaidi ya mm 0.95 mdoli ukiwa umetulia, na mm 1.5 ukiwa unapumua. Angalieni vizuri: huyo ni mdoli. Hachoki, hakohoi, hapati hofu, na dhahabu yake imegandishwa kwenye plastiki. Kila tangazo la "usahihi chini ya milimita moja" mnaloliona linatoka kwa mdoli.

Sasa msijumlishe hizi kama nyanya sokoni. Hitilafu zisizotegemeana zinajumlishwa kwa kanuni ile ile mafundi ujenzi wanayotumia kunyoosha kona, tatu nne tano. 1.7 ya modeli, 1.5 ya mdoli tuichukue yote, 1.3 ya kuzunguka. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: mm 2.6. Mpaka ulikuwa 5.

Kikao cha pili, 2.9 mahali pa 1.7: mm 3.5. Bado ndani.

Kile kilele cha 4.6: mm 5.0. Hapo umegusa ukuta. Na ndiyo maana wakasimamisha. Lile pengo la dakika saba ni watu kujenga modeli upya, na mionzi ilikuwa imezimwa. Mashine hii huwekewa kizingiti, hitilafu ikipita inasimama yenyewe.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo hawakumkosa. Mlango wake waliuachia nafasi ya milimita tano, na wakatumia karibu nusu. Na kama ni kutafuta pa kuwa na wasiwasi, mimi wasiwasi wangu usingekuwa kwenye roboti. Ungekuwa kwenye kalamu: daktari aliyechora mpaka wa uvimbe kwenye siti skani. Madaktari wawili wazuri, picha moja, wanaweza kutofautiana milimita kadhaa kwenye ini, na hakuna roboti inayoweza kusahihisha mstari uliochorwa mahali pasipo pake.

#20 Kitonga Mteremko

Sasa kama ni hivyo kwa nini wasitumie mashine inayoona uvimbe wenyewe?

#21 Mpima Mionzi

Zipo. Linak iliyounganishwa na MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, inaona ini lenyewe wakati mionzi inatoka, bila dhahabu, na inazima uvimbe ukitoka nje ya mstari. Ni chache na ghali. Wengine wanapandikiza vidude vidogo vinavyojibu mawimbi ya sumaku. Na kule Sydney kuna kundi linatumia eksirei ile ile iliyopo kwenye linak ya kawaida kufuatilia dhahabu mfululizo tiba ikiendelea. Hiyo ya mwisho naipenda kwa ajili ya nchi kama yetu, maana haidai mashine mpya.

Ila sasa nina kiherehere na yale meno ya msumeno. Kukohoa hakuchori hivyo, kikohozi ni miiba. Usingizi unachora mawimbi mapana lakini ya mviringo. Kupanda ghafla na kushuka taratibu, pumzi baada ya pumzi... alikuwa anaongea? Muulize.

#22 Nesi wa Kihesa

Mimi nasema alikuwa analia. Mnasahau mtu yuko peke yake kwenye chumba kile, nchi ya watu.

#23 Mtoto wa Uyole

Nimetoka karakana sasa hivi. Nimemsomea #19 yote, kwa sauti, randa ikiwa imezimwa. Kwenye "nafasi ya milimita tano" alitikisa kichwa akasema, "Hapo sawa, hata mimi mlango wa mninga naachia nafasi, mbao inapumua." Akanitaka nirudie ile ya mdoli mara mbili, ilimfurahisha.

Nikamuuliza kuhusu kikao cha pili, kama aliongea. Akasema hapana, aliambiwa asiongee. Kama alilia? Akaniangalia kwa jicho la "we mtoto".

Kisha akakaa kimya, akacheka. Anasema siku ya pili walimwekea muziki wa kwao, hakuuelewa, ukamchosha. Basi akaanza kwaya. Mnajua baba mdogo ni besi wa kwaya ya Moravian tangu ujana. Mdomo alifunga kabisa, akawa anaguna besi yake ndani kwa ndani, wimbo mzima na mapambio yake, ili muda uende. Katikati ya ubeti wa tatu akasikia sauti kwenye spika, kwa Kiingereza, "Baba, upo sawa?" Akadhani wanamsalimia.

#24 Mpima Mionzi

Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu amekuja kuangalia.

Ni hiyo hiyo. Mwimbaji anavuta pumzi kwa haraka mwisho wa mstari na kuitoa polepole kwa misuli ya tumbo. Kifua kinabaki juu huku kiwambo kinapanda, kwa hiyo ule uhusiano wa taa na dhahabu ambao kompyuta ilijifunza akiwa ametulia ukawa si kweli tena. Besi ndiyo mbaya zaidi, mistari yao mirefu. Mashine haikukosea, ilifundishwa mtu mmoja akaja mwingine.

Kwenye fomu yetu ya kabla ya tiba tunauliza kikohozi, pumu, kukoroma. Kwaya hatuulizi. Jumatatu naongeza mstari.

#25 Mtoto wa Uyole

Ndaga fijo mkuu. Anauliza, siti skani ya marudio ni mwezi ujao Mbeya mjini, pale pia haruhusiwi kuimba?

#26 Mpima Mionzi

Pale ataambiwa "vuta pumzi, shika" kwa sekunde chache tu. Aimbe akitoka.